Tangi Tupu

Magari mengi ya Beetle yaliyotoka kiwandani kabla ya Agosti 1961 hayakuwa na geji ya mafuta. Dereva alichomeka kijiti ndani ya tangi kuona petroli imefika wapi, na karibu na miguu kulikuwa na koki ndogo. Injini ikianza kukohoa barabarani, koki iligeuzwa, na lita tano hivi za akiba zikafunguliwa njia. Wenye magari hayo walijifunza kuhesabu kilomita kichwani. Ila akiba hiyo ilitoka chini kabisa ya tangi, mahali maji na uchafu hupenda kutulia, kwa hiyo kila koki ilipogeuzwa injini ilinyweshwa pia takataka zilizolala humo kwa miezi.

Fundi anayeletewa gari la miaka hiyo leo, kwa malalamiko kwamba linazima ovyo, hana budi kuanzia hapo. Dalili zake zinatambulika. Gari linatembea vizuri kwenye lami. Likiingia barabara ya vumbi yenye mawimbi, tangi linatikisika, vumbi la kutu linapanda na kwenda kuziba mdomo wa kutolea mafuta. Injini inazima. Dereva anakaa kando ya barabara dakika kumi, uchafu unatulia tena, gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kabureta inafunguliwa, plagi zinabadilishwa, pampu inalaumiwa, fedha zinakwisha. Afrika Mashariki, ambako Beetle ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, barabara za kulitikisa tangi namna hiyo hazijawahi kukosekana.

Kutu hiyo haitokani na petroli. Inatokana na pale ambapo petroli haipo. Matangi mengi ya zamani yalikunjwa kwa bamba jembamba la chuma, mara nyingi likiwa limepakwa mchanganyiko wa risasi na bati ili kulikinga. Gari likiachwa na robo tangi, robo tatu zilizobaki ni hewa, na hewa ina unyevu. Usiku ukipoa, unyevu huo unashika kwenye kuta za ndani kama jasho kwenye bilauri ya maji ya barafu, unachuruzika, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanazama hadi sakafuni. Huko yanakaa. Ndiyo maana tangi linaweza kung'aa juu huku chini limetobokatoboka, na ndiyo maana mafundi wazoefu humshauri mwenye gari la maonyesho, lile linalotoka Jumapili moja moja, alilaze likiwa limejaa pomoni.

Siku hizi kuna sababu ya pili. Uingereza ilianza kuuza petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli kama mafuta ya kawaida mwezi Septemba 2021, na nchi nyingine zilikwisha kutangulia. Ethanoli hunyonya maji. Pia hulainisha mipira ya zamani na hung'oa utando wa mafuta yaliyokauka ambao kwa miaka mingi ulikuwa umeganda ukutani bila kumsumbua mtu. Utando ukiachia, unasafiri na petroli hadi kwenye filta.

Je, tangi lisafishwe au libadilishwe? Wapo wanaotia ndani nati na vipande vya mnyororo, wakalitikisa nusu siku, wakasuuza kwa asidi ya fosforasi, kisha wakamimina rangi maalumu ya kuziba matundu. Kwa tangi la gari adimu, ambalo jingine halipatikani popote, kazi hiyo ina maana. Kwa Beetle, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi kiwanda cha Puebla, Meksiko, kilipoacha kulitengeneza mwaka 2003, ni kujitafutia kazi mara mbili. Rangi ikipakwa juu ya kutu ambayo haikutoka yote, itabanduka magamba magamba, na magamba hayo ni mabaya kuliko kutu yenyewe. Matangi mapya ya umbo lile lile yanatengenezwa na kuuzwa.

Kisha kuna wale wanaotaka kuchomelea. Hapa sharti sura hii isimame kidogo, kwa sababu watu wamekufa.

Petroli ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unahitaji hewa ya kiasi maalumu. Ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa, hauwaki. Ukizidi asilimia 7.6 hivi, hauwaki pia, kwa kuwa hewa haitoshi. Ndani ya tangi lililojaa, nafasi ndogo iliyobaki juu ina mvuke mzito kupita kiwango hicho. Likimwagwa na kuachwa wazi, hewa inaingia, mvuke unapungua polepole, na kuna saa ambapo mchanganyiko unakuwa ule ule unaolipuka. Kulisuuza kwa maji na sabuni mara moja hakutoshi: petroli iliyojificha kwenye mikunjo na viungo vya bamba hutoka tena mara moto wa kuchomelea unapolipasha joto. Mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu hulijaza maji hadi karibu na tundu, au huingiza gesi isiyowaka kama agoni ili hewa isipate nafasi. Anayeona kwamba tangi haliwezi kulipuka kwa kuwa ni tupu amelielewa kinyume.

Kwa hiyo kazi ya kulitoa huanza mbali na tangi. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na waya wake wa hasi ndio wa kwanza kufunguliwa. Gari linatolewa nje, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hauruki juu ukapotea, unatambaa sakafuni hadi kwenye shimo la gereji, jiko la mkaa la jirani, au cheche ya mashine iliyo vyumba viwili mbele. Petroli inashushwa kupitia mpira wa chini, au inavutwa kwa pampu ya mkono. Kuivuta kwa mdomo ni mazoea yaliyoenea mno, na tone moja likiingia kwenye mapafu linatosha kumlaza mtu hospitali. Lita 40 za tangi hilo zina uzito wa karibu kilo 30, hivyo hakuna sababu ya kulinyanyua kabla halijamwagwa.

Baada ya hapo Beetle ni rahisi kiasi cha kumwonea huruma mwenye gari jingine. Boneti ya mbele inafunguliwa, kadibodi ya kufunikia inatolewa, na tangi linaonekana lote, limeshikwa na bolti nne za pembeni. Ford Mustang ya mwaka 1965 nayo ina mshangao wake: tangi limetumbukizwa kwenye tundu la sakafu ya buti, na ubao wake wa juu ndio sakafu yenyewe. Anayeweka mizigo anaiweka juu ya petroli. Ukilitoa unabaki ukitazama ardhi, na ukilirudisha bila kupaka ulimbo wa kuziba kwenye ukingo, harufu na maji ya mvua vitaingia ndani ya gari.

Mahali pa kuweka tangi hapakuwa jambo dogo kwa kampuni hiyo. Ford Pinto, iliyoingia sokoni mwaka 1970, tangi lake lilikaa nyuma ya ekseli, karibu na bampa. Baada ya mioto na kesi mahakamani, mwaka 1978 Ford iliyaita magari kama milioni 1.5 ya Pinto na ndugu yake Mercury Bobcat ili yawekewe kinga ya plastiki mbele ya tangi na shingo ndefu zaidi ya kujazia.

Tangi jipya likifika, kishawishi ni kulifunga siku hiyo hiyo. Afadhali lisuuzwe kwanza, kwa sababu mara nyingi limepakwa mafuta ya kuzuia kutu na huenda lina chembe za chuma za kiwandani. Kisha kijaribiwe kile kifaa chenye boya kinachopeleka taarifa kwenye geji. Magari hayazungumzi lugha moja hapa. Kwenye Ford nyingi za zamani, tangi tupu linaonyesha ukinzani wa omu 73 na lililojaa omu 10. Kwenye General Motors nyingi, tupu ni 0 na lililojaa ni 90. Kifaa cha mmoja kikifungwa kwa mwingine, mshale utasoma kinyume, na dereva atafurahia tangi lililojaa mpaka gari lizime.

Kifuniko nacho kina makosa yake. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Mfumo wa zamani uliipitisha kwenye tundu dogo la kifuniko. Magari ya California kuanzia mwaka 1970, na ya Marekani nzima kuanzia 1971, yaliwekewa mabomba ya kupeleka mvuke kwenye chombo chenye mkaa badala ya kuuachia hewani. Kifuniko kisicho na tundu kikifungwa kwenye tangi lisilo na bomba jingine la hewa, pampu itavuta mpaka ishindwe. Ukikifungua ukasikia hewa ikiingia kwa mluzi, na gari likawaka tena, jibu ni hilo.

Mipira yote ibadilishwe pamoja na tangi, na hasa ile ya mwisho wa safari. Injini ya Beetle iko nyuma, petroli inapita bomba ndani ya mhimili wa katikati, kisha inamaliziwa na vipande vifupi vya mpira juu ya injini yenye joto. Mioto mingi ya magari haya imeanzia hapo, kwa mpira uliopasuka wa bei ya soda. Inunuliwe mipira inayostahimili ethanoli, na klipu mpya.

Lita tano zinatosha kwa kuanzia. Gari liachwe usiku kucha juu ya makaratasi safi, kila kiungo kikaguliwe asubuhi, kisha lijazwe hadi shingoni, maana viungo vya juu havivuji mpaka mafuta yavifikie. Filta ibadilishwe tena baada ya wiki chache. Tangi la zamani likienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, waambiwe lilibeba nini kabla hawajalisogezea moto wa kukatia.