Usikubali giaboksi imekufa kabla umeme wa gari haujapimwa

Gari la familia linapogoma kubadili gia, jibu la haraka gereji mara nyingi huwa moja: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Mzazi anarudi nyumbani akipiga hesabu za ada, kodi ya nyumba na sasa giaboksi ya mtumba, huku watoto wakisubiri kuanza kugombania daladala alfajiri.

Lakini si kila giaboksi inayogoma imeharibika. Katika magari ya otomatiki yanayobadili gia kwa kompyuta, kosa linaweza kuwa kwenye betri, fyuzi au waya uliolegea. Gharama ya vitu hivyo haikaribii hata kidogo bei ya giaboksi.

Umeme unafanya kazi gani?

Ndani ya giaboksi kuna mafuta yanayosukumwa kwa presha. Vali ndogo za umeme, ziitwazo solenoidi, hufungua na kuziba njia za mafuta hayo ili gia iingie. Kompyuta ndiyo inayoziamuru, baada ya kusoma mwendo wa gari na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta.

Kompyuta ikikosa umeme wa kutosha, au ikiona solenoidi haijibu, hujihami. Hukata umeme wa solenoidi na kuliacha gari kwenye gia moja, ambayo kwa magari mengi ni ya tatu. Dereva huona gari ni zito kuondoka, na likishachanganya gia haipandi zaidi. Kwenye Toyota nyingi taa ya "O/D OFF" huanza kupepesa, na kwenye Honda nyingi hupepesa taa ya "D".

Dalili za kuuliza umeme kwanza

Zipo dalili zinazoelekeza kwenye umeme. Tatizo huja na kuondoka, hasa gari linapopita kwenye matuta. Taa hufifia au gari huwaka kwa shida asubuhi. Pengine yote yalianza baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha, au baada ya kufungwa redio au alamu. Panya nao hutafuna waya, hasa gari likilala nje.

Hizi ni dalili tu, si ushahidi. Ushahidi hupatikana kwa vipimo.

Hatua za kupima, kwa mpangilio

1. Mashine ya kompyuta isomwe kabla betri haijaguswa, kwa sababu kuchomoa betri kunaweza kufuta kumbukumbu za kosa. Namba zote ziandikwe. P0562 inamaanisha umeme wa gari zima uko chini. P0882 inamaanisha umeme unaoingia kwenye kompyuta ya giaboksi uko chini. U0101 inamaanisha mawasiliano na kompyuta hiyo yamekatika. Namba huonyesha njia yenye tatizo, haisemi kifaa gani kinunuliwe.

2. Betri ipimwe. Ikiwa nzima na gari limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Chini ya hapo, alteneta na mkanda wake viangaliwe.

3. Vichwa vya betri visafishwe kutu, kisha waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini ukaguliwe. Waya huu ukilegea, kompyuta huchanganyikiwa hata kama betri ni mpya.

4. Fyuzi na rilei za kompyuta ya giaboksi zikaguliwe. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, kuna waya unaogusana mahali. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuunganisha kwa kipande cha waya, ni kukaribisha moto ndani ya gari linalobeba watoto.

5. Umeme upimwe kifaa kikiwa kinafanya kazi. Waya uliobaki nyuzi mbili tatu unaweza kusoma volti 12 usipokuwa na mzigo, kisha ukashindwa kabisa mzigo ukija.

6. Soketi ya giaboksi ifunguliwe, iangaliwe kama ina maji, mafuta au kutu. Hapo ndipo solenoidi hupimwa. Solenoidi nyingi za kubadili gia za Toyota husoma kati ya omu 11 na 15, lakini kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari husika.

Umeme ukiwa sawa kote, na kiwango cha mafuta ya giaboksi kiko sahihi, ndipo mazungumzo ya kufungua giaboksi yanakuwa na msingi.

Gia ikikwama kwenye P

Kuna kosa jingine linalowatisha wazazi nje ya geti la shule: gari linawaka, lakini gia haitoki kwenye P. Mtu mmoja asimame nyuma wakati dereva akikanyaga breki. Taa za breki zisipowaka, huenda fyuzi yake imeungua au swichi ya pedali imekufa, na gia haifunguki kwa sababu gari halijui kwamba breki imekanyagwa.

Magari mengi yana kitufe kidogo karibu na gia cha kufungulia kwa dharura. Handbreki ivutwe na breki ikanyagwe kabla ya kukibonyeza. Gari lisirudi barabarani likiwa na watoto kabla taa za breki hazijatengenezwa, kwa sababu dereva wa nyuma hataona linaposimama.

Likigoma njiani na watoto wamo

Gari lililojihami kwenye gia moja huchelewa kuchanganya, hivyo kulipita lori au kuingia barabara kuu ni hatari. Taa za dharura ziwashwe, gari litolewe pembeni, na pembetatu iwekwe nyuma. Watoto washukie upande usio na magari na wakae mbali na barabara, kivulini.

Wasiachwe ndani wakati fundi anasubiriwa. Joto la gari lililofungwa juani hupanda ndani ya dakika chache, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Gereji, mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: namba gani zimesomwa, betri imesoma volti ngapi, na soketi ya giaboksi imefunguliwa? Fundi aliyepima atajibu papo hapo. Asiye na majibu, gari lipelekwe kwanza kwa fundi umeme wa magari.