Kiungo Kimoja, Milango Mitatu

Mtu wa Kadutu, mjini Bukavu, akigusa kiungo kwenye simu yake, seva huweza kumjibu kwa tarakimu tatu tu na anwani nyingine ya kwenda. Kuelekeza huko kwa zamu hugawa wageni kati ya seva kadhaa, na kwa Bukavu, ambako umeme wa Ruzizi huja na kukatika, hilo si anasa. Ila kosa linaloharibu kazi kwa kawaida halimo kwenye zamu, limo kwenye tarakimu. Jibu la 301 maana yake "tumehama kabisa". Kivinjari hulikariri, na siku nyingine hakiulizi tena. Zamu imekufa hapo. Jibu la 302 husema "kwa sasa pitia kule", nacho hurudi kuuliza.

Mtu atasema kila kuelekezwa ni safari ya ziada inayokula mega alizonunua kwa franka zake. Kweli, lakini jibu lenyewe ni baiti mia chache. Kumtuma kwenye seva iliyozimika humgharimu zaidi.

Kupima zamu hiyo kunadai subira. Nginx, programu ya seva, huweza kupangwa ichague mlango, yaani seva ya kumpeleka mgeni, kwa kutazama anwani yake ya mtandao, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ikiwa imepangwa hivyo, anayejaribu kwa simu moja ataona mlango uleule hata akibofya mara hamsini. Afadhali amri ya curl -I, inayoonyesha vichwa vya jibu tu, irudiwe mara mia, kutoka mitandao tofauti, kisha mistari ya Location, yenye anwani ya kwenda, ihesabiwe. Na seva moja izimwe makusudi: zamu isiyojua nani amelala itaendelea kumpelekea wageni.