Mgeni Asiye na Jembe

Wahenga walituachia methali mbili kuhusu mgeni. Ya kwanza husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili humkirimu mgeni siku mbili, na siku ya tatu humpa jembe. Aghalabu sisi walimu huzifundisha kana kwamba zinapingana. La hasha! Ya pili ndiyo sharti la ya kwanza: mgeni humponya mwenyeji pindi apewapo kazi ya halali.

Mjadala wetu kuhusu wahamiaji wasio na vibali katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, umelisahau jembe hilo. Baada ya serikali ya Somalia kuporomoka mwaka 1991, wakimbizi wengi walimiminika Eastleigh. Nyumba ya kulala wageni iliyojulikana kama Garissa Lodge ikageuzwa soko, vyumba vyake vikawa maduka. Maduka mengine yakaota pande zote, na leo wachuuzi hufunga safari kutoka miji ya mbali kuja kununua nguo huko. Wasukuma mikokoteni, mama wauza chakula na makuli, wengi wao Wakenya, hupata riziki papo hapo.

Hata hivyo, si haki kuuficha upande wa pili wa shilingi. Kodi za nyumba zilipanda, na mpangaji wa kipato kidogo akaumia. Isitoshe, kibarua asiye na kibali hukubali ujira duni kwa kuwa hathubutu kushtaki, na Mkenya afanyaye kazi kando yake hukosa nguvu ya kudai nyongeza. Lakini tujiulize: ni nani afaidikaye? Si kibarua huyo. Ni mwajiri mlafi, na ni askari mla rushwa. Mnamo 2013, shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi polisi walivyowapiga wakimbizi wa Eastleigh na kuwatoza fedha. Fedha ambazo zingeingia katika hazina ya taifa kama kodi huishia mifukoni mwa watu.

Msako nao haukuleta tiba. Aprili 2014, kufuatia milipuko ya mabomu, maelfu ya watu walikamatwa katika operesheni ya Usalama Watch, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye asili ya Kisomali. Wazee wa Eastlands hawakuwa wageni wa mambo hayo. Aprili 1954, miaka 60 kamili kabla yake, Waingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa vipande. Babu zetu walihesabiwa wageni katika mji walioujenga kwa jasho lao.

Kama mwanaisimu, nina neno moja kwa walimu wenzangu. Katika lugha yetu, haramu husemwa juu ya tendo au kitu: pato haramu, nyama haramu. Tukisema “mhamiaji haramu”, tunaihamisha hukumu kutoka kwenye tendo na kumvika mtu mzima. Mtoto wake aketiye darasani hulisikia neno hilo, na wenzake hulisikia pia. Kwa nini tusiseme “mhamiaji asiye na kibali”? Kibali huweza kutafutwa, kikatolewa au kunyimwa. Uharamu wa nafsi hauna dawa.

Sisemi mipaka iachwe wazi, wala mhalifu asamehewe. Dola ina haki ya kumjua kila aingiaye. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imekwisha kumtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi, na haki hiyo ni maandishi matupu iwapo kibali chenyewe hakipatikani. Basi hapana budi watu hawa waandikishwe, wapewe vibali bila mlungula, kisha watozwe kodi kama sisi sote. Tukimnyima mgeni jembe, tusimlaumu kwa kula bila kulima.