Video Bora: Tuzo ya nani?

HEBU msomaji wangu niambie haraka haraka, bila kuuliza jirani: ile video unayoizimia kuliko zote, nani aliiongoza? Kimya! Jina la msanii unalo, raba alizovaa unazikumbuka, na mrembo aliyecheza naye unamjua. Dairekta je? Wapi!

Ndiyo maana kipengele cha Video Bora ya Mwaka hunipa mawazo kila tuzo za muziki za Tanzania zinapotajwa. Tuzo hizi zilianza mwaka 1999, zikavuma kwa jina la Kili, zikalala baada ya 2015, halafu 2022 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaziamsha. Kwa nchi ambayo Bara yake haikuwa na televisheni mpaka 1994, tumekwenda mbio, tusibishane.

Utata uko hapa. Mwaka 2014 Diamond Platnumz alizoa tuzo saba usiku mmoja, ikiwemo ya video kwa kibao chake ‘Number One’. Kazi ilikuwa kali, sina ubishi. Lakini enzi hizo mashabiki walikuwa wakipiga kura kwa simu, na shabiki ni shabiki tu. Anampigia mtu wake, si picha. Hata video ingekuwa na giza kama chumba cha kuoshea picha, kura angetoa!

Miaka hiyohiyo mastaa wetu wakawa wanapanda ndege kwenda Afrika Kusini kushuti. ‘Nana’ ya Diamond ya mwaka 2015, kwa mfano, iliongozwa na Godfather wa hukohuko. Sawa, mwenye mshiko wake hazuiwi. Ila kina Adam Juma na Hanscana walishatuonyesha kwamba hata hapahapa Bongo mtu anaweza kupiga picha ukakodoa macho. Sasa kijana wa Mbagala mwenye kamera ya kuazima atashindanaje na msafara wa ndege?

Mimi nina dawa. Majaji wazime sauti! Ndiyo, waitazame video bila muziki, bila kujua bei yake. Hadithi ikieleweka na macho yasibanduke, hiyo ndiyo bora. Na siku ya siku, msanii asipande jukwaani peke yake. Ampandishe na yule jamaa aliyelala chini kwenye vumbi akimtafutia picha.

Au nachonga sana, washikaji?