Vijiji Vilivyomezwa na Mji

Kuna neno ambalo hulipati katika kamusi nyingi za Kiswahili, lakini hapa Isiolo hata mtoto wa nasari analijua. Neno lenyewe ni bula. Asili yake ni Kisomali, ambamo buul ni kibanda cha wafugaji. Garissa, Wajir na Mandera kumejaa bula za kila jina, na sisi tuna Bulla Pesa yetu. Ukiwauliza watu maana ya bula, wengi watakujibu kuwa ni mtaa tu. Mimi nasema si hivyo. Mtaa hupimwa kwanza, ukagawanywa ploti, kisha watu wakahamia. Bula huanza na watu, halafu mji huja ukawakuta.

Katika makala haya nataka kueleza kinachotokea mji unapokimeza kijiji, na jinsi vijiji vya namna hii vinavyoweza kupata njia, mitaro, maji na viwanja bila wenyeji kufukuzwa. Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Wachina wanalo, tena kwa ukubwa wa kutisha, na wamelipa jina: chengzhongcun, yaani kijiji kilicho ndani ya mji.

Usishangae nikianza na Uchina. Barabara ya lami itokayo hapa hadi mto Merille, kilomita 136, ilijengwa na kampuni ya Kichina iitwayo China Wu Yi. Nguo na simu nyingi zilizomo madukani mwetu zilipitia Guangzhou. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda huko kununua bidhaa aghalabu hufikia sehemu iitwayo Xiaobei, na hapo hapo kuna kijiji kilichomezwa, jina lake Dengfeng. Kwa hivyo wako watu wetu waliokwisha kulala katika bula za Wachina wala wasijue.

Hebu tutazame mji wa Shenzhen, ulio jirani na Hong Kong. Mwaka wa 1980 ulitangazwa kuwa eneo maalum la uchumi. Wakati huo palikuwa mahali pa wakulima na wavuvi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilikuta wakazi zaidi ya milioni 17. Sasa, sheria ya Uchina inasema ardhi ya mjini ni ya serikali, na ardhi ya mashambani ni ya wanakijiji kwa pamoja. Serikali ilipotaka mahali pa viwanda ilichukua mashamba ikaziacha nyumba, maadam kulipa fidia ya shamba ni rahisi kuliko kulipa fidia ya nyumba na kumtafutia mtu mahali pengine pa kulala. Basi mkulima akaamka hana shamba, ila nyumba anayo, na kila siku vijana chungu nzima wanashuka kutoka mikoani wakitafuta chumba cha kupanga. Wewe ungefanya nini? Alibomoa nyumba yake ya chini akapandisha ghorofa tano, sita, hata nane. Jirani naye hakukubali kuachwa nyuma. Hakuna aliyeacha nafasi katikati, kwa sababu nafasi hailipi kodi.

Hivyo ndivyo zilivyozuka nyumba ambazo Wachina huziita nyumba za kupeana mikono. Mtu akiwa dirishani kwake anaweza kumsalimu jirani wa nyumba ya pili kwa mkono. Kichochoro kilicho chini yao hakioni jua. Gari la zimamoto haliwezi kuingia, nyaya za umeme zimetandazwa juu kama utando wa buibui, na mvua ikinyesha maji yake huchanganyika na ya vyooni. Hata hivyo tusizidharau nyumba hizo. Wafanyakazi waliolijenga jiji la Shenzhen, na wengine wengi waliofanya kazi viwandani, walilala humo, maana mahali pengine palikuwa ghali.

Wakuu wa Shenzhen walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubomoa kila kitu na kusimamisha majumba marefu. Ndiyo iliyochaguliwa kwa Baishizhou, kijiji kilichokuwa na wakazi zaidi ya 100,000. Mwaka wa 2019 wapangaji walianza kuambiwa wahame. Wenye nyumba walikuwa na fidia ya kungojea. Mpangaji alibeba godoro lake. Wazazi walihangaika kwa sababu mtoto akihama mtaa huenda akakosa nafasi ya shule. Njia ya pili ni kuziacha nyumba zisimame na kurekebisha kilicho katikati yake: mabomba, mitaro, nyaya, taa, njia za zimamoto, na pale penye upenyo, kiwanja kidogo cha kukaa. Mwaka uo huo wa 2019 jiji lilitoa mpango wa hadi 2025 unaosema kuwa zaidi ya nusu ya ardhi ya vijiji hivyo isiguswe na tingatinga, irekebishwe tu. Inaonekana walitambua kuwa wakibomoa kote, anayefagia barabara na anayepika mkahawani hatakuwa na pa kulala.

Sasa turudi kwetu. Isiolo haikuanza jana. Miaka ya 1920 Waingereza waliwapa Wasomali waliowatumikia katika Vita Vikuu vya Kwanza makao hapa, na boma la serikali likakaa papa hapa kama mlango wa kaskazini. Miaka ya sitini, wakati wa vita vya Shifta, wafugaji waliopoteza mifugo walisogea karibu na mji. Kila ukame mkubwa tangu hapo umeleta wengine. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 ilikuta watu 143,294 katika kaunti nzima. Ile ya 2019 ikakuta 268,002. Katika miaka kumi tumekaribia kuwa maradufu, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Akoo wangu, yaani nyanya kwa wale wasiojua Kiborana, huniambia kuwa alipokuja kukaa katika bula yetu njia zilikuwa pana. Nilimwuliza, "Akoo, pana kiasi gani?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, ngamia wawili wenye mizigo walipishana hapo, wala hakuna aliyegusa ua wa mtu." Nilitoka nje nikapima njia hiyo hiyo kwa miguu yangu. Ni hatua tatu, na hatua moja kati ya hizo imekaliwa na mawe ya kujengea ya jirani. Bodaboda inapita. Gari la wagonjwa halipiti, na jirani yetu mmoja alipozidiwa usiku alibebwa kwa blanketi hadi penye lami.

Kumbe hadithi ya Shenzhen na ya kwetu ni moja! Tofauti ni kuwa wao wamepandisha ghorofa na sisi tumesogeza ua. Lakini pia iko tofauti inayotufaa. Nyumba zetu nyingi bado ni za chini, za mbao na mabati, na kuusogeza ua wa mabati ni kazi ya asubuhi moja. Ghorofa sita hazisogezwi. Ndiyo maana nasema wakati wetu ni sasa.

Wengi wetu tukisikia neno maendeleo tunafikiria lami. Lami ni nzuri, sikatai, lakini lami huleta maji. Mchanga hunywa mvua. Lami na mabati havinywi. Kila paa jipya na kila mita ya lami humwagia maji jirani wa chini. Mvua yetu ni chache na huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, lakini ikija huja na hasira. Laga iliyokauka tangu lini hujaa mara moja, ikabeba kuku, sufuria na hata choo. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, wakati wa El Niño, mafuriko yalizisumbua kaunti nyingi za kaskazini na yetu ikiwemo.

Mtaro, basi, unataka mteremko, unataka mdomo na unataka mwenyewe. Mteremko tunao wa bure, Mungu ametupa. Shida iko kwenye mdomo. Nimeona mtaro mzuri wa saruji ukiishia katikati ya bula, kama sentensi isiyo na nukta, na maji yake yakaingia katika nyumba ya mwisho. Mtaro sharti ufike kwenye laga. Laga yenyewe ni mtaro uliochimbwa na Mwenyezi Mungu, na mtu akijenga ndani yake amekiziba kinywa cha bula nzima. Mwaka wa 2024 Nairobi iliona matokeo yake: baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, serikali ilibomoa nyumba nyingi za kando ya mito huko Mathare na Mukuru, na watu wakakosa pa kwenda.

Mahali ambapo njia ni nyembamba sana, wahandisi wana ujanja wao. Njia yenyewe hufanywa mtaro: huwekwa kabro au saruji iliyoinama kidogo katikati, watu wakapita siku za jua, na maji yakapita siku za mvua. Hakuna haja ya kubomoa nyumba ya mtu.

Nimesema mtaro unataka mwenyewe. Hapa mfano mzuri uko Dar es Salaam, katika mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni, ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Mafuriko huko yalikuwa mgeni wa kila mwaka. Kuanzia mwaka wa 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakazi wenyewe walijenga mitaro na barabara ndogo kwa mikono yao, na wakalipwa ujira. Mtu aliyechimba mtaro kwa jasho lake hatakubali jirani atupe taka ndani. Ukichimbwa na mashine ya mkandarasi, unakuwa mtaro wa serikali, na cha serikali twajua kinavyotunzwa!

Jirani zetu wa Mukuru, Nairobi, walitangaziwa mwaka wa 2017 kuwa eneo maalum la mipango. Waliketi kwa vikundi vya nyumba kumi kumi wakajadili mahali pa kupitisha barabara na maji taka. Ilionekana kuwa wakifuata kanuni za kawaida za upana wa barabara, watu wengi mno wangepoteza makao, kwa hivyo wakakubaliana barabara ziwe nyembamba. Mimi naona hiyo ni akili kubwa. Barabara pana isiyo na watu ina faida gani?

Lakini jambo linalonikera zaidi ni viwanja. Mtu akiona ardhi wazi husema haina kazi. Haina kazi kivipi? Ndipo tunapocheza mpira, ndipo wazee huketi chini ya mgunga kusuluhisha ugomvi, ndipo hema la arusi husimamishwa na maiti husaliwa. Akina mama wa maziwa ya ngamia, wanaopokea mitungi alfajiri na kuituma kwa basi hadi Eastleigh, hawana kivuli wala bomba. Uwanja wao ni ukingo wa barabara. Huko Kibera, tangu mwaka wa 2006, shirika liitwalo Kounkuey Design Initiative limekuwa likishirikiana na wakazi kugeuza majaa ya takataka kando ya mto kuwa viwanja vyenye vyoo, mahali pa kufulia nguo, pa watoto kucheza na vibanda vya biashara. Pesa za vibanda husaidia kutunza mahali penyewe. Taa ndefu tunazoziita mulika mwizi ni nzuri pia, ila taa bila uwanja humulika paa za watu tu.

Hapa Isiolo kuna hatari inayokuja na neema. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwaka wa 2012, uwanja wa ndege ukafunguliwa rasmi mwaka wa 2017, na tangu hapo kila mwenye pesa anautazama mji huu. Bei ya ploti ikipanda, mahali pa kwanza kunyemelewa ni pale pasipo na mlinzi, yaani uwanja, kando ya laga na njia ya ngamia. Katika uwanja wetu wa mpira vigingi vilionekana asubuhi moja mwaka jana. Hakuna aliyemwona aliyevipiga. Vijana waliving'oa, baada ya wiki mbili vikarudi. Vigingi haviwezi kushindwa kwa kung'olewa. Vinashindwa kwa ramani iliyotiwa sahihi, inayoonyesha kuwa hapa ni uwanja wa umma, pale ni njia, na kule ni laga.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo, usafi na maji safi. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka wa 2016 inataka mtu anayeondolewa katika ardhi apewe ilani ya miezi mitatu. Sheria hizo husaidia wakati mambo yamekwisha haribika. Kabla ya hapo kuna kikao. Kila mwaka kaunti sharti ipeleke mpango wake wa maendeleo katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi wanaofika huomba lami na mulika mwizi. Ni wachache wanaouliza uwanja wa bula yao umeandikishwa kwa jina la nani, au mtaro mpya utamwaga maji wapi. Mwanafunzi hana kura, lakini hakuna sheria inayomkataza kuingia katika mkutano huo na kuuliza. Mwaka huu wanachama sita wa chama chetu tutakwenda, na ramani ya bula tuliyoichora wenyewe kwa kamba na hatua za miguu, njia kwa njia.