Kumtafuta Wakala Katika Nchi Ambayo Mnunuzi ni Serikali: Mfano wa Cuba

Wengi hudhani kwamba kuuza bidhaa nje ya nchi huanza kwa kumpata msambazaji wa huko. Mahali ambapo uchumi huendeshwa na serikali, njia hiyo huweza kumpotezea mtu mtaji wake wote. Tunaeleza hapa mfano wa Cuba.

Nchini Cuba, biashara ya nje husimamiwa na wizara, na sehemu kubwa ya uagizaji hufanywa na mashirika ya umma, kila moja likiwa na bidhaa zake. Alimport huagiza vyakula. MediCuba huagiza dawa na vifaa vya tiba. Mwaka 2021 sheria iliruhusu kampuni binafsi ndogo na za kati, lakini nazo ziliwekewa utaratibu wa kuagiza kupitia mashirika ya umma yaliyoidhinishwa.

Kwa hiyo, anayetaka kuuza maharage makavu asianze kwa kumtafuta mwenye duka Havana. Aulize kwanza ni shirika gani lenye kibali cha kuagiza maharage. Wakala anaweza kufuatilia nyaraka na kupeleka sampuli. Hawezi kununua kwa niaba ya shirika hilo bila idhini yake. Maonyesho ya kimataifa ya biashara ya Havana ni mahali pazuri pa kukutana na wanunuzi wenyewe.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, tunashauri yafuatayo:

1. Mtake wakala ataje shirika litakalotia saini mkataba, kisha uliulize shirika lenyewe.
2. Mshuku anayeahidi haki ya pekee ya kusambaza nchi nzima.
3. Usilipe "ada ya usajili" kwenye akaunti ya mtu binafsi.
4. Dai malipo ya awali, au ahadi ya maandishi ya kulipa iliyothibitishwa na benki iliyo nje ya Cuba, kwa kuwa nchi hiyo ina uhaba wa fedha za kigeni.
5. Iulize benki yako mapema. Kutokana na vikwazo vya Marekani vilivyoanza miaka ya 1960, benki nyingi hukataa kupokea malipo yatokayo Cuba. Aidha, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1992, meli iliyofanya biashara katika bandari za Cuba hairuhusiwi, isipokuwa kwa kibali, kupakia wala kupakua mizigo Marekani kwa siku 180. Jambo hilo huathiri upatikanaji wa usafiri.

Wakala asiyeweza kumtaja mnunuzi hastahili kukabidhiwa mzigo wala fedha.