Onyo Lisiloeleweka Haliokoi Mtu

Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Lakini hawakutuambia tahadhari hiyo ije kwa lugha gani, wala ipitie chombo gani ili itufikie kabla hatari haijabisha hodi. Hilo ni swali walilotuachia sisi tulio hai. Sidhani kuna mahali linapodai jibu la haraka kuliko katika eneo la viwanda vya mauzo ya nje, EPZ, kule Athi River katika kaunti ya Machakos.

Maeneo ya namna hiyo ni zao la sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1990. Hili la Athi River limejengwa katika tambarare ya udongo mweusi, ule ambao mvua ikiunyeshea hugeuka ulimbo na maji yakakosa pa kwenda. Humo maelfu ya vijana, wengi wao wanawake, hushona nguo zinazovaliwa ng'ambo. Mto nao hauko mbali, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka magharibi: Mbagathi hushuka kutoka vilima vya Ngong, hupita ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kisha hujiunga na Athi. Maana yake ni kwamba mto waweza kufurika Athi River hali jua lawaka papo hapo Athi River. Anayetazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake hatajua lolote. Anayejua ni yule aliye juu ya mto. Atamwambiaje mwenzake aliye chini?

"Atampigia simu," utasema, msomaji. Naam, siku nyingi jibu hilo latosha. Lakini usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaonja giza. Mnara wa simu ni mashine kama mashine nyingine: umeme ukikatika huishi kwa betri au jenereta, na hivyo navyo vina mwisho. Aidha, siku ya msiba kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja, laini zikasongamana. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyowazingira wakazi wa Athi River majumbani mwao, yalitukumbusha kwamba maji hayangoji mtandao urudi.

Marekani walikwisha kukabiliana na tatizo la aina hii kwa chombo duni kwa bei lakini si kwa manufaa: redio ya raia, ijulikanayo kwa herufi mbili tu, CB. Hutumia masafa ya megahezi 27, na tangu 1977 ina chaneli 40. Nguvu yake ni wati 4, kwa hiyo sauti haivuki kilomita nyingi. Hata hivyo haihitaji mnara wala kampuni. Betri ya gari yatosha. Madereva wa malori waliipenda mno wakati wa uhaba wa mafuta wa 1973, wakiambiana penye petroli, penye theluji na penye ajali. Chaneli ya 9 ilitengwa kisheria kwa dharura. Na tofauti na simu, anayesema na mmoja husikiwa na wote walio karibu.

Redio hiyo haikuvuma kwetu, lakini wazo lake si geni. Shirika la AMREF, lililoasisiwa mwaka 1957, liliunganisha hospitali za mashambani na kituo chake katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa redio za masafa marefu, ili daktari aitwe kwa ndege mahali pasipo na simu. Idara yetu ya hali ya anga nayo iliweka vituo vidogo vya redio Kangema, ambako ardhi huporomoka, na Budalangi, ambako Mto Nzoia hufurika. Hivyo ni vituo vya kusikiliza tu. Mkulima hawezi kujibu. Watanzania wana hata jina la chombo cha kujibizana: redio ya upepo. Jina zuri hilo, na sioni sababu ya kulikataa.

Hapa ndipo mimi, niliye mwalimu wa isimu, ninapoomba kusikilizwa. Mitambo hununuliwa kwa siku moja. Lugha ya kuitumia haiuzwi dukani. Redio za aina hii hukata sauti nyembamba, na herufi S ndiyo ya kwanza kupotea. Ndiyo maana marubani wa miaka ya 1920 waliona kwamba SOS, iliyofaa sana kwa milio ya telegrafu, haifai kutamkwa. Huko Croydon, karibu na London, likabuniwa neno Mayday kwa kuiga matamshi ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni".

Sasa tuitazame lugha yetu. "Sita" na "tisa" ni sauti zilezile zilizobadilishana nafasi. Kwenye redio yenye mikwaruzo, nani atazitofautisha? "Barabara inapitika" na "barabara haipitiki" zimetenganishwa na silabi chache dhaifu, mwanzoni mwa kitenzi na mwishoni. Lori laweza kutumbukia mtoni kwa ajili ya silabi hizo. Kubwa kuliko yote ni saa. "Maji yatafika saa mbili" ni nini? Kwa bibi yangu ni saa mbili za usiku au asubuhi. Kwa meneja aliyetoka ng'ambo na kujifunzia Kiswahili kazini, huenda ikawa saa nane. Na kwa mlinzi aliyesikia nusu ya sentensi, ni muda wa saa mbili kutoka sasa. Sentensi ni moja, nyakati ni tatu, na wafanyakazi wako njiani kwenda nyumbani.

Dawa ipo, na haihitaji shahada. Badala ya "haipitiki", tuseme "barabara imefungwa". Badala ya "inapitika", "barabara iko wazi". Tarakimu zitamkwe mara mbili. Muda utajwe kwa dakika kuanzia sasa. Ujumbe ufuate mpango mmoja: nani anasema, yuko wapi, ameona nini, anataka nini. Na tusivutwe na tarakimu za siri kama zile za polisi wa Marekani. Serikali yao yenyewe, tangu mwaka 2006, imedai lugha ya kawaida katika dharura zinazokutanisha idara mbalimbali, kwa kuwa kila idara ilikuwa na maana zake.

Utabiri wa hali ya anga nao wahitaji mkalimani. Tukiambiwa "mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24", wengi husikia kitu chembamba kama kijiti cha kiberiti. Lakini milimita moja ni lita moja katika kila mita ya mraba. Bati la nyumba yenye mita za mraba 60 litamwaga lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Mwambie mama mpangaji hivyo, naye atajua kama avihamishe vitu vyake.

Wako watakaosema kwamba redio zitageuzwa baraza la porojo. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu sheria yetu haimruhusu mtu kutumia mitambo ya redio bila leseni. Basi ziombewe leseni chache: moja katika lango la EPZ, moja katika ofisi ya chifu, moja katika shule iliyo juu ya mto. Na anayeishika asiwe meneja pekee. Usiku wa manane aliye macho ni mlinzi, na lugha anayoshiriki na mshonaji kutoka Kitui na dereva kutoka Busia ni Kiswahili.

Walimu wenzangu, redio hizo huenda zikachelewa. Somo halina haja ya kuchelewa. Wagawe wanafunzi wawili wawili, mmoja ageukie ukuta, kelele ziwepo, na mwenzake ampe onyo la mafuriko kwa maneno yasiyozidi 15. Kisha aliyegeuka aandike alichosikia. Mkilinganisha karatasi hizo mtajua, kabla mvua za masika hazijaanza, ni nani angeokoka na ni nani angechukuliwa na maji.